Figili na Kikohozi cha Mama Njeru

Jumanne

Figili moja tu ya shamba langu iliwashinda watu wawili kuibeba. Sokoni Runyenjes nikasema wanne. Lakini mke wangu, Mama Njeru, bado anakohoa.

Niliapa kwamba figili nyeupe ikikunwa na kulowekwa kwa asali, kikohozi hakioni asubuhi. Nimempa tangu Jumapili.

"Baba Njeru, dawa yako imeniletea gesi tu," akaniambia, akacheka mpaka akakohoa tena.

Kile kifua kinaniogopesha, sitajidanganya. Jioni nilipika figili zingine na nyama ya mbuzi. Alikuwa hataki chakula, leo akamaliza bakuli.

Kesho nampeleka hospitali. Majirani wakiuliza, nitasema daktari ametuita tumfundishe hiyo dawa.