Bati Uliyoitoa Kwenye Gari ya Baba

Kitengela

Kaka Mutiso,

Mama alitufunza kusalimu kwanza, kwa hivyo nakusalimu. Natumaini mko wazima huko Illasit na nyanya zimepata maji. Mama anaendelea vizuri hapa kwangu, ingawa hujauliza. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu zangu umezifungia. Dereva wa lori la nyanya atakupa hii mkononi, na nimemwomba asiondoke mpaka uifungue.

Nimesikia vile unasema kanisani, ati niliharibu gari aliyotuachia baba nilipofungua kabureta wakati wa Krismasi, na ndiyo sababu mama alikosa siku yake ya kupasuliwa macho. Wacha nikukumbushe ilivyokuwa, maana mke wako naye ataisoma barua hii, na yeye hakuwepo.

Asubuhi ile mlitoka kwangu wewe na mama kwenda hospitali Kajiado. Saa sita simu ya mama ikanipigia, lakini sauti haikuwa yake.

"Supa, habari yako. Naitwa Nasieku, nachunga mbuzi hapa ukipita Isinya. Kuna mama mzee kwa gari iliyozima. Haoni vizuri na yuko peke yake."

Niliomba pikipiki ya mwenzangu wa gereji nikaenda. Nasieku alikuwa amefunga shuka yake juu ya mlango wa gari ili mama apate kivuli. Maji aliyokuwa akinywa mama yalikuwa ya Nasieku. Nilimuuliza wewe uko wapi.

"Ameenda kutafuta fundi," akasema. Tangu saa tatu.

Mwishowe ukafika, na mtu uliyekuja naye hakuwa fundi. Alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na lori lake lilikuwa na minyororo ya kuvutia gari. Ukasema mbele ya mama, ambaye haoni lakini anasikia, "Gari imekufa, Kalekye. Wewe ndiye uliimaliza."

Nikafungua boneti. Kabureta ilikuwa moto, haishikiki, na petroli ilikuwa inachemka ndani kama chai. Nikakuuliza, "Bati iliyokuwa hapa iko wapi?"

"Ilikuwa inapiga kelele. Niliitoa."

"Na kile kipande kinene cheusi, cha chini ya kabureta?"

"Kilipasuka. Nikaweka katoni."

Hukuona haya hata kidogo. Krismasi niliviacha vyote viwili mahali pake. Bati ndiyo inazuia joto ya ekzosi, lile bomba la moshi, isipande kwa kabureta, na kipande kile ndicho kinaitenga na injini. Baba alikuonyesha hayo mimi nikiwa nimemshikia spana, na ni wewe aliyekuwa anakufundisha, si mimi. Ukiviondoa, petroli inageuka mvuke na gari inazima. Ukiiacha ipoe, inawaka. Yaani ungekaa na mama nusu saa tu, mngefika. Nilizungusha kitambaa chenye maji kwenye pampu ya petroli, tukangoja, ikawaka. Wewe ulikuwa umeshapanda lori la yule mnunuzi. Hukumuaga mama.

Tulifika hospitali daktari ameshaondoka. Mama akapewa siku nyingine, wiki tatu mbele. Wiki hizo zote mama aliyekulea alikuwa akipapasa ukuta wangu kutafuta mlango.

Mimi nikatengeneza gari. Kile kipande nilikitafuta hadi Kware, kule Rongai, nikakipata kwa mzee mmoja mwenye gari kama yetu iliyokaa juu ya mawe. Bati nilikata na kukunja mwenyewe, nikaikaza na boliti nne, haipigi kelele. Paipu ya petroli uliyokuwa umeilaza karibu na ekzosi niliihamisha upande wa pili. Halafu saa saba mchana, jua likiwa kali, nikaiendesha hadi Isinya, nikaizima ikiwa moto, nikaiacha robo saa boneti ikiwa imefungwa. Ikawaka mara ya kwanza. Nilifanya hivyo siku tatu, kwa sababu sikutaka kumpandisha mama kwa kitu ambacho sijakijaribu. Siku yake ilipofika, gari hiyo hiyo ilimpeleka Kajiado na kumrudisha, na haikuzima popote.

Sasa anaona. Bandeji ilipotolewa alitaka kwanza nimpeleke kwa Nasieku amwone uso. Tulienda Jumapili. Walishikana mikono muda mrefu, halafu Nasieku akatupatia maziwa ya kunywa.

Gari hairudi Illasit. Hayo ni maneno ya mama, na kitabu cha umiliki wa gari amenikabidhi mimi. Kama unataka kuniita mwizi mbele ya waumini, niite, lakini mtaje na yeye, kwa sababu tumekubaliana wote wawili.

Nimemuuliza mama salamu zake. Anamsalimia mke wako Wayua, na anamshukuru kwa uji aliokuwa akimpikia. Anamsalimia shangazi anayeuza mbegu sokoni, na yule jirani mzee wa karibu na mfereji, aulizwe kama mguu umepona. Nikaandika yote, nikangoja. Nikamuuliza, "Na Mutiso?"

Akasema nifunge barua.

Ni mimi dada yako,
Kalekye