Maji Aliyoyapima Bashira

Mpendae, Jumamosi

Bashira, mdogo wangu,

Sote tunakusalimu. Wifi yako Sumaiya kajifungua mtoto wa kike, na paa la jiko limevuja tena. Sasa nikujibu.

Unaniandikia kwamba tangu Machi umeiona jeni inayotengeneza sumu ya kuharibu ini katika ule ukoga wa kijani wa mto wetu wa shamba, lakini ninyamaze mpaka makala yako ichapishwe. Jarida gani hilo lenye heshima kuliko maini ya watu?

Unajua kijiji kilielewa nini ulipokuja kuchota maji kwa vichupa vyako? Mwezi wa Mei, mbuzi walipoanza kufa, nilimkataza Mama kuyanywa. Akanicheka.

"Himid, wewe huishi kugombana, sasa umehamia kwenye mto? Bashira kayapima kwa mashine za Ulaya. Yangekuwa mabaya, mwanangu angeninyamazia mie?"

Majirani nao wakanijibu hivyo hivyo. Kwao, kimya chako kilikuwa ruhusa.

Mama yuko hospitali wiki ya pili sasa. Macho yamekuwa manjano kama binzari, na daktari hanitazami usoni.

Jana baada ya sala ya Ijumaa nilisimama mbele ya wanakijiji nikawasomea barua yako yote, pamoja na tarehe zake. Wamekulaani, nami sikukutetea. Mama tu ndiye ambaye sijamwambia kwamba ulijua. Hilo siliwezi. Njoo umwambie mwenyewe, na usichelewe.

Kaka yako,
Himid