Kipimo cha Pili cha Okello

Jumatatu, 3 Machi
Nimetuma habari ya bandari ya Port Bell saa kumi. Maneno mia tatu. Mhariri amekata mia.
Foronya ya Okello ina damu tena. Tundu la pua la kulia tu. Mume wangu ametibiwa sainasi tangu Oktoba, zahanati tatu, dawa zilezile. Leo tumechukua majibu ya kinyama walichokata puani. Saratani ya sainasi, kati ya pua na jicho. Nadra. Daktari ameuliza kazi yake. Polisi, kisha seremala hapa Kibuli, miaka kumi na tisa. Akaandika: vumbi la mbao.

Alhamisi, 6 Machi
Picha ya CT. Wanatafuta hatua, yaani uvimbe umefika wapi. Nimesoma ripoti koridoni, kuanzia mwisho, ninavyosoma ripoti zote. Sainasi za kulia zimejaa mpaka kwenye paji la uso. Huenda uvimbe umegusa utando wa ubongo. Ikiwa ndivyo, ni hatua ya nne, na pengine hawatapasua. Daktari hajasema lolote. Anataka kipimo cha pili, MRI, Jumanne.
Mimi nimesema. Nilimpigia shemeji Opio, Gulu: hatua ya nne. Chanzo kimoja, tena chenye "huenda". Ningefanya hivyo kazini, mhariri angenifukuza.

Jumamosi, 8 Machi
Opio amefika saa tatu asubuhi na baba zao wadogo wawili. Gari la kukodi, godoro limetandikwa nyuma. Wamekuja kumchukua Okello akafie nyumbani, angali anaweza kuongea na watu wake. Mahali pa kumzika pameshachaguliwa, kando ya baba yao.
Nimewaambia kuna kipimo Jumanne.
"Shemeji, wewe mwenyewe ulisema iko ya nne," Opio akasema. "Ya tano iko?"
"Hakuna."
"Basi."
Okello akaenda kuliangalia godoro. Akalibonyeza. "Hii nzuri. Leo nyinyi mtalala juu yake." Wazee wakacheka. Opio hakucheka.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa nimekaa mbele yao nikafuta maneno yangu. Nimetangaza kabla ya kuthibitisha. Hatua haijulikani.
Opio: "Sasa tuamini gani? Ya kwanza ama hii?"
Habari mbaya ikishatoka, marekebisho hayasomwi. Nilikuwa nalijua hilo. Sikujua inavyokuwa ukiwa nayo sebuleni kwako.
Okello ndiye aliyemaliza ubishi. Atakwenda kwenye kipimo. Kama ni ya nne, atapanda gari mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hata mimi.
Naogopa. Sijala tangu jana.

Jumanne, 11 Machi
MRI. Dakika arobaini na tano. Opio alikaa nami koridoni. Alininunulia chai.

Jumatano, 12 Machi
Hakuna majibu. Nimekosea jina la waziri kwenye habari. Mara ya kwanza.

Ijumaa, 14 Machi
Kilichojaa kwenye paji la uso si uvimbe. Ni kamasi, limezibwa na uvimbe likakosa njia. CT haikuweza kuvitenganisha. MRI imeweza. Utando wa ubongo haujaguswa. Uvimbe umekula ukuta mwembamba kando ya jicho, haujaingia ndani. Shingo safi. Mapafu safi. Hatua ya tatu. Watapasua, kisha mionzi. Jicho wanatarajia kuliacha, lakini hawaahidi mpaka wafungue.
Nimeuliza: katika watu kumi wa hatua hii, wangapi wako hai baada ya miaka mitano?
Daktari: "Nnyabo, bibi, ugonjwa huu ni nadra. Namba zilizopo ni za watu wachache, wa mbali, wenye uvimbe wa aina mbalimbali. Nikikupa moja utaishika kama hukumu."
Nikauliza tena, kwa njia nyingine.
"Daktari, samehe yeye," Okello akasema. "Anafikiri wewe ni waziri."
Safari hii Opio ndiye aliyepiga simu nyumbani. Alisoma neno kwa neno kutoka kwenye karatasi, pamoja na "hawaahidi".

Jumapili, 16 Machi
Opio na wazee wameondoka asubuhi. Upasuaji ni Alhamisi.
Jioni Okello amenihamishia kiti, nikae upande wake wa kulia. Akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akaniangalia kwa la kulia, lile wasiloliahidi. Muda mrefu.