Senbei za Baba Mkwe

Fumiyo shoga yangu, nimekula senbei za marehemu.

Ndiyo, zile biskuti za mchele ambazo mama mkwe humwekea baba mkwe kila asubuhi kwenye madhabahu ya sebuleni. Nilikuwa nakunja nguo, njaa ikaniuma. Sikugonga kengele ya madhabahu wala kumwomba marehemu ruhusa. Nilizila zote tatu, nimesimama.

Kisha nikakimbia dukani, nikanunua nyingine za aina ileile, nikazipanga palepale. Nilidhani nimefukia shimo.

Mama akarudi. Akapiga magoti mbele ya picha ya mzee, akaokota moja, akaigeuza.

"Sayoko, hizi ni nzima."

"Ndiyo, Mama."

"Baba yako atazitafuna kwa meno gani? Kwa ufizi?"

Nilikuwa nimesahau. Tangu meno yalipomtoka mzee, Mama alimvunjia kila senbei kwa ngumi, ikiwa bado ndani ya pakiti yake, vipande vinne. Huu ni mwaka wa pili tangu afariki, na bado anamvunjia. Bado anamvunjia! Nami nilivila vile vipande bila kujiuliza nani amevivunja.

Nilikiri huku nalia. Hakunigombeza.

"Angekupa mwenyewe, mlafi wewe. Ulichokosa ni kumwomba tu."

Akaniwekea zile nzima mapajani. "Haya, vunja."

Ya kwanza niliipiga ikawa unga. Mama akacheka mpaka akafuta machozi.

"Hiyo kula wewe. Lakini kengele kwanza."

Nimegonga kengele, Fumiyo. Nimeomba. Unga bado uko kiganjani, nami sijathubutu kuula.