Karatasi Chakavu Zilipoisha, Nikaanza Kuharibu Mpya

Bi Shamsa, shikamoo. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanicheka, maana najua utacheka, hata mimi mwenyewe nikiwa peke yangu nacheka kisha nashika kichwa.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka thelathini na sita, ni mkutubi msaidizi katika chuo kimoja kilichopo ghorofani nyuma ya soko hapa Kariakoo, na kwa kweli sina shida ya ndoa wala ya mawifi kama wengi wanaokuandikia, mume wangu ni mtu mwema, mtoto anasoma vizuri, kazi yangu naipenda kiasi kwamba Jumatatu kwangu ni siku njema, shida yangu mimi ni karatasi.

Nilipoanza kazi hapa miaka mitatu iliyopita, pipa la taka lililo kando ya mashine ya kuchapia lilikuwa linajaa kabla ya adhuhuri, mwanafunzi anachapa kazi yake kurasa ishirini, anagundua jina la mwalimu amelikosea, anazitupa zote na kuchapa upya, na karatasi yenyewe upande wa pili ni nyeupe kabisa, nami nimelelewa na mama ambaye hata kipande cha uzi alikuwa hatupi, basi roho ikawa inaniuma. Siku moja nikazikusanya, nikampelekea Bakili, huyu ndiye anayetoa fotokopi na kujalidi vitabu vyetu, akazikata katikati na mashine yake, tukazishona kwa sindano na uzi, jalada tukatumia maboksi kutoka dukani kwa mume wangu ambaye anauza vyombo kwa jumla, yakatoka madaftari mazuri ya kuandikia upande mmoja, tukayapanga kwenye rafu karibu na mlango na kuandika JICHUKULIE, na siku ile ile yakaisha.

Bi Shamsa, sikuwahi kupendwa namna ile. Wanafunzi wakayaita madaftari ya Madam, kila asubuhi napanda ngazi nakuta watu wananisubiri, "Madam, yamefika?", na sisi tukapata moyo wa kuongeza mengine, tukasogeza meza madirishani ili mchana taa zizimwe, tukaweka mtungi wa maji ya kuchuja ili kila mtu aje na chupa yake, vitabu vilivyochanika tukawa tunavishona badala ya kuviondoa, na Mzee Leodegar, mkutubi mkuu wetu, mtu mzima wa heshima zake ambaye anastaafu Desemba, akazunguka kwa walimu mmoja mmoja kuwaomba wapokee kazi za wanafunzi kwa barua pepe. Na hilo wazo la barua pepe nilimpa mimi. Walimu wakakubali.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana watu waliacha kuchapa, pipa likawa linakaa wiki nzima lina karatasi tano, na mbili kati ya hizo ni za maandazi, huku wanafunzi bado wananisubiri kwenye ngazi. Siku ya kwanza nikawaambia bado, siku ya pili nikawaambia bado, jioni nikamweleza mume wangu kwamba rafu yangu iko tupu na watu wanaulizia, naye alikuwa anakula wala hakujua naongelea nini hasa, akanijibu kama mtu wa Kariakoo anavyojibu, "Mama Evelyn, mteja akikuta rafu tupu mara mbili, mara ya tatu anapitiliza kwa jirani. Mzigo ukiisha, tafuta mzigo."

Nikautafuta. Kesho yake nilifungua rimu mpya, na kwa kuwa ningegawa karatasi nyeupe pande zote wangejua ni mpya, nikachukua ukurasa uliokuwa karibu na mkono, Kanuni za Matumizi ya Maktaba, nikauchapa upande mmoja mara mia tano, nikampelekea Bakili kama kawaida. Nilijiambia ni mara moja tu. Rimu moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, leo ninavyokuandikia ni tisa, na zote nyuma yake zina kanuni zile zile, na kanuni ya saba inasema msomaji asitumie karatasi ovyo.

Bakili ndiye aliyegundua kwanza. Alizipokea, akazishika, akanitazama. "Madam, mimi nakata tu, siulizi. Ila taka gani hii inakuja ya moto?" Nikamwambia zilikuwa dirishani juani, na siku hiyo mvua ilikuwa inapiga tangu alfajiri, Jangwani barabara imefungwa kwa mafuriko, nusu ya wafanyakazi hawajafika. Akalitazama dirisha, akakata.

Kisha akaja Leticia, binti wa mwaka wa pili, msomaji wangu mzuri sana, ana madaftari mawili mkononi. "Madam samahani, mbona yote nyuma yana kitu kilekile? Hadi kanuni nimezikariri." Nikamwambia mashine iliharibika ikatoa nyingi kwa mkupuo. Unajua aliniambia nini? "Pole Madam. Angalau hukuzitupa." Nilitamani sakafu ipasuke.

Ningekuwa nimeacha kimya kimya, lakini mwezi huu tarehe ishirini na tano wakutubi wa vyuo vitano wanakuja kujifunza kwetu, na mimi ndiye nimepangwa kuwaeleza madaftari yanavyopatikana, na wiki iliyopita Mzee Leodegar aliniita pembeni akasema, "Mwanangu, nimeandika jina lako kwa mkuu wa chuo. Nikiondoka Desemba nataka kiti changu ukikalie wewe." Nikasema asante mzee, nikaenda chooni nikalia.

Bakili anasema ninyamaze, wageni wakishaondoka tutaacha, nani atajua. Sijui nimsikilize au niende kwa mzee nikaseme. Nafasi ile naitaka, sikufichi, nimeitaka tangu siku ya kwanza, lakini ninachokiogopa zaidi ni sura ya yule mzee akishajua. Mficha uchi hazai, ndiyo maana nimekuandikia. Tafadhali usinitaje jina.

Mkutubi Msaidizi, Kariakoo

BI SHAMSA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimesoma hadi mwisho kama ulivyoomba, ndipo nikacheka. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kulikoni, nikampa barua asome, naye akatoka hapa anajifuta macho.

Tumemaliza kucheka, sasa tuseme. Rimu tisa ni karatasi elfu nne na mia tano. Zilikuwa safi, hazina kosa lolote, wewe ukazitia kosa kwa makusudi ili uonekane umeziokoa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe uliposifiwa hukungoja hata jioni, ulikwenda moja kwa moja na ndoo.

Hebu nijibu. Ulianza kushona yale madaftari ili iweje? Ili karatasi zisitupwe, au ili rafu ijae? Kama ni ili karatasi zisitupwe, basi mwanangu zimeacha kutupwa, na aliyetoa wazo la kuziacha ni wewe mwenyewe. Pipa lenye karatasi tano kwa wiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote ulivyofanya hapo chuoni, na ulipolikuta hivyo badala ya kushangilia ukaingiwa na hofu. Mfagiaji akikuta uwanja safi anakaa anapumzika, hamwagi majani ili aonekane na ufagio.

Mumeo msamehe, maana alijibu alichokijua. Ushauri wake ni mzuri sana kwa sahani na chupa za chai, lakini taka si mzigo wa dukani. Ukiona unasikitika kwa kuwa taka zimekwisha, ujue umeshaanza kufanya biashara usiyoijua.

Najua hukutaka sifa peke yake. Mtu anayefanya kazi kimya kimya kati ya rafu za vitabu, akisubiriwa kwenye ngazi kila asubuhi na kuulizwa "Madam, yamefika?", moyo unafurahi, na nani hapendi kufurahi kazini kwake. Kwa hilo sikulaumu hata kidogo. Nakulaumu kwa Leticia. Yule binti alikuletea nafasi ya kusema kweli mkononi kabisa, wewe ukamsingizia mashine, naye kwa wema wake akakupa pole. Ile pole uliipokea na haikuwa yako. Mtafute, kaa naye mezani, mwambie ilivyokuwa. Atacheka au atakasirika, yote mawili ni haki yake.

Bakili naye mfikishie salamu zangu. Aliuliza swali zuri kuliko yote katika kisa hiki, halafu akatoa ushauri mbovu kuliko wote. "Nani atajua" ni maneno ya mtu anayejua tayari kwamba wameshajua wawili, na sasa mimi ni wa tatu, mhariri wangu wa nne.

Kuanzia leo hakuna rimu ya kumi. Madaftari yenye kanuni ambayo hayajachukuliwa usiyachome wala usiyafiche kabatini, maana hilo litakuwa kosa juu ya kosa, yatumieni hapo hapo mezani kwenu mpaka yaishe. Wanafunzi wakiuliza, waambie karatasi chakavu hazipo kwa sababu wao wenyewe wameacha kuzipoteza, na anayetaka daftari alete yale ya mwaka jana yenye kurasa zilizobaki nyeupe, Bakili amfundishe kushona. Baadhi watanung'unika siku mbili tatu. Rafu yako itakaa tupu na hutakufa.

Kwa wageni utasimama kama ulivyopangwa. Waoneshe daftari la kwanza kabisa mlilolishona, waoneshe na pipa lilivyo sasa, kisha waambie na habari ya rimu tisa. Ndiyo, zote tisa. Hawa ni wakutubi kama wewe, wakirudi kwao watatamani rafu iliyojaa ya kuonesha wakubwa, na yupo mmoja kati yao atakayefungua rimu mpya baada ya miezi mitatu tu. Ukimwonesha ulipoangukia utakuwa umemsaidia kuliko mtu aliyemfundisha kushika sindano.

Lakini kabla ya wageni yupo Mzee Leodegar. Kwake nenda peke yako, usimpeleke mumeo wala Bakili. Mwambie idadi ya rimu, mwambie ulianza lini, mwambie na maneno uliyomdanganya nayo yule binti, halafu nyamaza umwache mzee afikiri. Habari ya kiti usiiguse. Unaenda kusema, huendi kuomba. Akilifuta jina lako kwa mkuu wa chuo itakuuma, na utaendelea kwenda kazini Jumatatu kama kawaida kwa sababu umeniambia mwenyewe kazi unaipenda. Akiliacha, atakuwa ameliacha akijua ameandika jina la nani, na siku utakapokikalia kile kiti hutakuwa unasikiliza kwa hofu kila anayepanda ngazi.

Unaogopa sura yake. Mimi ningeogopa zaidi sura yake siku hiyo ya wageni, mmoja wao akiinua madaftari mawili na kuuliza alichouliza Leticia, na mzee anageuka kukutazama ili umjibie.

La mwisho, na hili lifanye haraka. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, na majina ya wengine nimeyabadilisha yote. Ila kisa chenyewe nisingeweza kukibadilisha kikabaki kisa. Gazeti hili linatoka leo Jumamosi, chuo chenu kimefungwa, na Jumatatu asubuhi litakuwa kwenye meza ya magazeti ya maktaba yenu kama ilivyo kwenye maktaba zote hapa mjini. Mzee wako atavaa miwani yake, na kabla hajamaliza aya ya tatu atakuwa amejua anasoma habari za nani. Kwa hiyo una siku moja, kesho Jumapili. Mpigie simu, muulize anatoka misa ya saa ngapi, umfuate nyumbani kwake. Asikie kwako kabla hajasoma kwangu.