Kibali cha Nyumba ya Watu Wawili

Nyumba ya mwisho, nyuma ya soko,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kidonge,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. U hali gani? Mgongo je, bado unakusumbua ukitoka zamu ya usiku? Na baridi ya huko imepungua, au bado unalala na soksi? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika nikiinama, lakini nimeliambia lizoee, maana hakuna wa kuinama kwa niaba yangu.

Najua utacheka kwamba nimeandika barua wakati simu ipo. Lakini simu yako, mwenzangu, ninaijua. Unapokea huku unakimbia wodini, unasema "dada, nakupigia sasa hivi," na hiyo sasa hivi yako hufika wiki inayofuata. Barua haina haraka. Utaisoma umekaa, na nina jambo nataka unijibu ukiwa umekaa.

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya wazazi ulianguka katika mvua zilizopita. Sikukuambia. Uliangukia nje, kwa hiyo sikuumia. Nilisikia kishindo nikadhani lori limegonga mti, kumbe ni kile chumba tulichokuwa tukilala wawili, kimebaki wazi kama duka. Tangu siku hiyo nalala sebuleni. Fundi mwashi alikuja, akagonga kuta zilizobaki kwa kifundo cha kidole, akasema, "Mama, hii si ya kuziba. Hii ni ya kubomoa." Na mvua nyingine haziko mbali.

Baba alipojenga alipima kwa hatua zake mwenyewe, akatema mate mikononi, akachimba. Siku hizi mji wetu huu, wenye barabara moja ya lami nayo inaishia mbele ya benki, una ofisi ya ujenzi. Ukiweka tofali bila kibali wanakuja na rangi nyekundu wanakuchorea X ukutani. Muuza nyama amechorewa yake, anasema inamletea wateja. Mimi sitaki kuchorewa.

Basi nikaenda kwa mchora ramani. Ni bwana mmoja mpole, ana meza yake kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi. Akaniuliza, "Mama, nyumbani mko wangapi?" Mdogo wangu, sijui shetani gani alinishika ulimi. Kulikuwa na wanawake wawili kwenye benchi wakisubiri zamu yao. Nikasema, "Sita." Nilimhesabu marehemu shemeji yako, nikamhesabu mwanangu na mkewe na mtoto wao, nikakuhesabu wewe, kisha mimi. Niliona aibu kusema niko peke yangu. Mimi niliyepikia shule nzima hadi nikastaafu, leo niseme sufuria yangu kubwa wanatagia kuku!

Akachora nyumba ya watu sita. Ungeuona uzuri wake! Jioni nilikuwa naitandaza ile ramani mezani, naweka vikombe pembeni isijikunje, natembea humo kwa kidole: hapa mwanangu, hapa mjukuu, hapa wewe. Nikifika jikoni nakaa kidogo. Ile karatasi ilinipa raha ambayo watu hawajanipa siku nyingi.

Ofisi wakairudisha. Vyumba havikuwa na tatizo, tatizo lilikuwa choo. Kumbe siku hizi shimo la choo linapimwa kwa idadi ya watu wa nyumba, na shimo la watu sita katika kiwanja chetu chembamba lingesogelea mno kisima cha jirani. Wakamtuma bwana afya aje ajionee.

Alikuja na futi yake, akapima kiwanja chote, kisha akaomba maji ya kunywa. Nikamkaribisha ndani, na hapo ndipo nilipojichongea. Bwana yule ana macho. Aliona ndala jozi moja mlangoni, sahani moja kwenye kichanja, na viti vyote vina vumbi isipokuwa kimoja. Akauliza, "Wengine wako wapi, mama?"

"Wametoka."

"Watarudi lini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo hapo. Nilisimama na jagi mkononi, machozi yakanitoka mbele ya mtu wa serikali. Naye hakunisema wala hakunicheka. Alikunja futi yake, akaniambia taratibu, "Mama, mimi naandika wanaotumia choo. Waliomo moyoni hawachimbiwi shimo." Kisha akanieleza kwamba shimo linaloweza kukubaliwa pale ni la watu wawili, basi. Ramani ipunguzwe, na mimi niende dirishani pale ofisini nitaje hao wawili ni akina nani.

Nikampigia mwanangu. Nilitaka aseme kitu, sijui kitu gani. Akasema, "Mama, jenga chumba kimoja, kinakutosha. Sisi tukija tutalala gesti." Hakuwa na ubaya, unamjua, ni mtu wa hesabu tangu utoto. Lakini niliumia. Mtoto niliyemlaza kifuani homa ikimchemsha, leo akija kwangu apange gesti! Nikasema sawa, nikaenda kukata vitunguu ambavyo sikuwa na haja navyo. Usimwambie kwamba nimekuambia.

Jumatatu nikaenda ofisini na ramani iliyopunguzwa, ya vyumba viwili. Foleni ilikuwa imefika nje, na nyuma yangu alisimama mke wa muuza nyama, ambaye masikio yake unayajua. Karani wa dirishani ana sauti ya mnadani. "Watumiaji wangapi?"

"Wawili."

"Wa kwanza wewe. Wa pili nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni mmoja tu, waandike mmoja. Haki ya Mungu, nilifanya mazoezi njia nzima, watu wakinitazama nikizungumza peke yangu. Nikafungua mdomo, nikasikia natamka, "Mdogo wangu."

"Yupo?"

"Yuko njiani."

Akagonga muhuri. Mke wa muuza nyama akanishika bega, akasema, "Hongera, shoga. Angalau utapata mtu wa kuzungumza naye." Kumbe anajua. Kumbe mji mzima unajua jinsi ninavyoishi, na mimi ndiye niliyekuwa nahangaika kujificha.

Sasa kibali kiko chini ya godoro langu. Fundi ataanza msingi mwezi ujao. Chumba chako kina dirisha la upande wa jua, na mlango wake unatazamana na wangu, kwa sababu unakoroma na nataka nijue ukinyamaza.

Shangazi anakusalimu sana, anauliza kama bado una ule mtindo wako wa kula umesimama. Mwanangu na mkewe wanakusalimu. Mjukuu ameng'oka meno mawili ya mbele, akicheka kwenye simu ni mluzi mtupu. Nisalimie yule rafiki yako mrefu mnayepokea naye watoto wa watu, mwambie ile kanga aliyoniletea ninaivaa mpaka jirani ameanza kuiulizia.

Mdogo wangu, mwaka juzi ulisema ukistaafu utarudi. Mwaka jana ulisema tutaona. Mwaka huu hujasema kitu, nami sijauliza, kwa sababu niliogopa. Leo nauliza. Mara ya kwanza, kwa mchora ramani, nilisema uongo na nilijua kwamba ni uongo. Hili la dirishani sijui kama ni uongo, anayejua ni wewe. Kama huji, niandikie neno moja tu: siji. Nitanuna kidogo halafu nitaacha. Kile chumba fundi atakifanya stoo, na mimi nitarudi pale dirishani niseme kwa sauti, foleni nzima isikie, kwamba naishi peke yangu. Hilo sasa naliweza. Nisiloliweza ni kutandika kila asubuhi kitanda cha mtu aliye njiani.

Mungu akulinde ukitoka na ukirudi, na kila mtoto anayepita mikononi mwako alie kwa nguvu.

Wako akupendaye, hata ukinyamaza,
Dada yako.