Memori Uliyoichukua Bila Kuiambia Kadi

Okoth, uliyekuwa mchumba wangu,

Ujumbe wako umefika. Hukuuliza hata kama bado napumua. Umeuliza tu niliitengenezaje ile kompyuta, kwa kuwa huko Kampala mashine zinakusumbua na bosi anakukodolea macho.

Unaikumbuka ofisi yetu ya Busia, hatua chache kutoka geti la mpaka? Kompyuta moja, ndani tumeigawa kuwa mashine pepe mbili, kama kompyuta mbili ndani ya boksi moja: moja ya karatasi za forodha za Uganda, nyingine za Kenya. Kadi ya mtandao tuliikabidhi mashine ya Uganda moja kwa moja, iwe inaandika yenyewe kwenye memori yake. Nilikupenda siku zile. Tulikula chapati juu ya boksi la kompyuta, ukanifuta mafuta kidevuni. Leo nikikumbuka najicheka.

Siku ya soko mashine ya Kenya ikazidiwa. Nikakuomba usubiri kidogo. "Wewe endelea kuchapa," ukasema, "hii ni kazi ya fundi." Ukanyofoa memori ya mashine ya Uganda, ukaipa ya Kenya, na kadi hukuiambia kitu. Ikaendelea kuandika palepale pa zamani, sasa juu ya karatasi za Kenya. Karatasi za Mama Ajambo, mteja wetu aliyekuwa akivusha nyanya, zikatoka vipande vipande, na nyanya zake zikaozea ndani ya lori mpakani.

Alipokuja analia, wewe, mwanamume mzima, ukaninyooshea kidole. "Mama, ni huyu Nafula amefuta. Mimi sijagusa kitu." Uongo huo ukaupeleka hadi Mukuju, nyumbani kwa mama yako. Uchumba ukavunjika, na mimi nikaitwa mharibifu kwa watu ambao hata kompyuta hawajaigusa.

Nilibaki, nikajifunza. Memori ikiongezwa, kadi huonyeshwa mahali papya. Kabla haijaondolewa, kadi huzuiwa kwanza isiandike tena pale. Ndiyo dawa yote, fundi mkubwa. Chukua, sina haja ya kukuficha kitu ambacho mchapaji alikiweza.

Ila ujumbe wako ulinitia hasira, nikafungua rekodi za mashine za siku ile. Jana nilimwita Mama Ajambo, nikamsomea: saa, amri, na jina la aliyeitoa. Ni lako. Alifunga kitenge chake vizuri.

"Kwa mama yake huko Mukuju nashukia wapi?" akaniuliza.

Nikamwelekeza mpaka mlangoni kwa mama yako.

Baki salama na mashine zako.

Mchapaji wako wa zamani,
Nafula